Kompyuta Iliyokataa Kuzimika: Nani Aliyekuwa Anailisha Umeme?

Kompyuta ya mezani ikikataa kuzimika kabisa, lawama hupita kwa zamu: kwanza Windows, kisha pawa saplai (boksi la ndani linalogawa umeme), mwisho bodi kuu. Katika kisa hiki Windows ilikuwa imeshapigwa upya, pawa saplai imeshabadilishwa, na bodi kuu nyingine imeshaulizwa bei. Kati ya hivyo vitatu hakukuwa na kibovu hata kimoja. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu ubashiri wa aina hii unawatoa watu wenye biashara ndogo fedha ambazo hawakupaswa kuzitoa, ilhali ukweli ungepatikana bila kununua kitu, kwa kuifuata tu amri ya kuzima hatua kwa hatua mpaka ionekane imeishia wapi.

Mashine yenyewe ni ya kuunganishwa hapa nchini, kasha la kawaida la ATX, Windows 10, katika duka la steshenari mjini Morogoro. Mwenye duka ni mama mtu mzima anayefanya kazi na binti wa dada yake. Wanachapa barua, wanatoa kopi, wanaskani vyeti, wanaprinti picha za pasipoti. Kwa kazi hizo matundu ya USB ya mashine hayatoshi: kuna printa, skana, kisoma kadi za kamera, kibodi, kipanya, na flashi za wateja zinazoingia na kutoka kutwa nzima. Kwa hiyo chini ya meza walikuwa wamebandika habu ya USB yenye matundu mengi na adapta yake ya umeme. Kila kitu, kompyuta, skrini, printa na adapta ya habu, kilichomekwa kwenye ekstensheni moja.

Malalamiko yalikuwa matatu. Akizima, skrini inakuwa nyeusi lakini feni inaendelea kuzunguka na taa ya kitufe inabaki inawaka usiku kucha. Asubuhi akibonyeza kitufe mashine haiwaki mpaka aichomoe ekstensheni ukutani, asubiri kidogo, airudishe. Na la tatu, ambalo ndilo lililomuuma zaidi, aliamini mashine hiyo ndiyo inayomaliza umeme wake wa LUKU.

"Ukikibonyeza kitufe ukakishikilia kwa muda, inakuwaje, mama?"

"Nimeshikilia mpaka kidole kikauma, mwanangu. Feni haikomi."

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kwenye kompyuta za leo, ukishikilia kitufe cha kuwashia kwa zaidi ya sekunde nne umeme hukatwa bila Windows kuulizwa chochote, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na chipu zilizo kwenye bodi. Windows ikiwa imeganda, ikiwa na kirusi, hata kama diski imechomolewa, bado mashine itazimika. Mashine isipozimika kwa njia hiyo, ama kitufe hakifikishi ujumbe, ama umeme mkuu umeshakatwa zamani na kinachoendelea kuzunguka kinakula kwingine. Kitufe chake kilikuwa kinawasha mashine vizuri kila baada ya ekstensheni kurudishwa, kwa hiyo kilikuwa kizima. Tangu hapo nilianza kuelemea upande wa pili, ingawa ushahidi ulikuwa bado.

Kisha akasema jambo jingine, karibu kwa kupita tu: kwa mafundi wote wawili waliotangulia, mashine ilizimika vizuri. Wa kwanza aliipiga Windows upya, akaizima mbele yake, ikatulia kimya. Wa pili alibadilisha pawa saplai, akaizima, ikatulia. Ikirudi dukani jioni ya siku hiyohiyo, mambo ni yaleyale. Alishaanza kuamini kwamba umeme wa jengo lake ndio mbaya.

Mafundi wale hawakumdanganya. Mashine ilipofika kwao iliwashwa ikiwa na waya wa umeme, skrini, kibodi na kipanya, basi. Ndivyo karibu kila karakana inavyofanya, nami nafahamu kwa nini: mteja hawezi kubeba meza nzima. Lakini tatizo linaloonekana sehemu moja na kutoweka sehemu nyingine tayari limetoa nusu ya jibu. Nikamwomba nije kuiona palepale inapofanyia kazi, na waya zake zote zikiwa mahali pake.

Kabla sijaendelea na vipimo, ni lazima kueleza "kuzima" kunavyotendeka, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Kompyuta za zamani zilikuwa na swichi iliyokata umeme wenyewe. Waliotumia Windows 95 kwenye mashine hizo wanaikumbuka ile skrini nyeusi yenye maandishi ya rangi ya chungwa, ikikuambia kwamba sasa ni salama kuzima kompyuta. Ulizima kwa mkono wako. Mwaka 1995 Intel ilileta mpangilio wa ATX, na kitufe cha mbele kikabadilika kazi: hakikati tena umeme, kinapeleka ombi. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba zikatoa kanuni za ACPI, zinazoupa mfumo endeshi uwezo wa kuiamuru bodi izime yenyewe.

Tangu hapo amri ya kuzima husafiri hivi. Windows inafunga programu na huduma zake, inaandika kwenye diski vilivyobaki, kisha inaziambia chipu za bodi ziingie hali ya kuzimika iitwayo S5. Bodi ikipokea, inauachia waya wa kijani uliomo kwenye plagi kubwa ya matundu 24 inayotoka kwenye pawa saplai, tundu namba 16. Waya huo ukishikwa chini, karibu na volti sifuri, pawa saplai inafanya kazi. Ukiachiwa, unapanda kuelekea volti 5, na pawa saplai inakata laini zake kuu: volti 12 ya njano, volti 5 nyekundu, volti 3.3 ya rangi ya chungwa. Inabakiza moja tu, ya zambarau, volti 5 ya akiba, inayowezesha kitufe kusikika utakapotaka kuwasha tena. Hiyo haifi mpaka uchomoe ukutani au uzime swichi ya nyuma ya pawa saplai.

Kwa sababu hiyo usihangaike na taa ndogo inayowaka juu ya bodi, au mwanga wa kipanya unaobaki baada ya kuzima. Hivyo si ubovu. Vinalishwa na zambarau. Bodi nyingi zina kipengele ndani ya bayosi (programu ya msingi iliyo kwenye bodi yenyewe), mara nyingi kikiitwa ErP, kinachopunguza hata hicho. Jina hilo linatokana na sheria za Ulaya kuhusu vifaa vinavyotumia nishati; kanuni yao namba 1275 ya mwaka 2008 iliweka kikomo cha wati 1 kwa kifaa kilichozimwa kuanzia 2010, kikashushwa hadi nusu wati kuanzia 2013. Feni inayozunguka, hata hivyo, ni habari nyingine.

Sasa turudi dukani.

Nilianza na kilicho rahisi. Tulizima kwa njia ya kawaida, skrini ikawa nyeusi, feni ikabaki. Nikabonyeza Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiitikia, kwa kuwaka na kuzimika, maana yake mfumo endeshi bado uko hai nyuma ya skrini nyeusi na unasubiri kitu. Haikuitikia. Hapo nikaweza kuondoa wazo la programu iliyogoma kufungwa.

Kisha nikaiwasha (kwa ile njia yake ya kuchomoa na kuchomeka) nikafungua Event Viewer, kwenye kumbukumbu za System. Watu huipita programu hii kwa sababu imejaa maonyo ya kutisha yasiyo na maana, lakini kwa tatizo la kuzima kuna namba chache tu za kutafuta. Namba 1074 inasema nani aliyeamuru kuzima. Namba 6006 inasema huduma ya kumbukumbu imefungwa kwa utaratibu. Namba 13 ya Kernel-General inasema mfumo unajifunga, pamoja na saa. Namba 6008 inasema safari iliyopita mashine ilikatika ghafla. Kwa mama huyu, jioni baada ya jioni, 1074, 6006 na 13 zilikuwepo, zikipishana kwa sekunde chache. 6008 zilikuwepo chache, na alizikumbuka: siku umeme ulipokatika katikati ya kazi. Windows ilikuwa inamaliza kazi yake kila siku na kuondoka kwa heshima zote.

Nikazima pia kile kipengele cha kuwaka haraka, Fast Startup. Kilikuja na Windows 8 mwaka 2012, nacho hufanya "zima" isiwe zima kamili: watumiaji wanaondolewa, lakini kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye faili liitwalo hiberfil.sys ili asubuhi kirudishwe badala ya kuanzishwa upya. Kina visa vyake vingi vya kweli vya mashine kutozimika, hasa draiva (programu inayoendesha kifaa) ikiwa mbaya. Unaweza kukikwepa kwa mara moja kwa kushikilia Shift unapobofya zima, au kwa kuandika shutdown /s /t 0 kwenye dirisha la amri. Kwake hapakubadilika kitu. Nikawasha mashine kwa flashi ya Ubuntu, mfumo endeshi mwingine usio Windows, nikaizima kutokea huko, matokeo yakawa yaleyale. Basi, Windows imeondoka kwenye orodha, na fedha aliyolipa kuipiga upya ilikwenda bure.

Kilichofuata ndicho moyo wa kisa. Nilifungua ubavu wa kasha, tukawasha, nikamwita mama na binti waje waangalie ndani, nikazima.

Feni ya juu ya prosesa ilisimama mara moja. Diski ikasikika ikishuka na kunyamaza. Feni iliyoendelea kuzunguka ilikuwa moja tu, ile ya nyuma ya kasha, tena polepole kuliko mwanzo. Mpaka wakati huo kila mtu alikuwa akisema "feni inazunguka" kana kwamba ni feni moja, kwa sababu kasha lilikuwa limefungwa na masikio hayatofautishi. Ukilifungua, dalili yenyewe inabadilika sura: mashine imezimika, ila kuna viungo viwili ndani yake ambavyo havijazimika, yaani feni ya nyuma na taa ya kitufe.

Nikaufuata waya wa feni ile. Haikuchomekwa kwenye bodi. Mtu fulani hapo zamani aliibadilisha na kuiunga kwenye plagi ya pembeni ya pawa saplai, kwenye nyekundu na nyeusi badala ya njano na nyeusi. Ni mbinu ya kale ya mafundi ya kupunguza kelele: feni ya volti 12 ukiilisha volti 5 inazunguka taratibu na kimya. Si vibaya. Lakini ilinipa habari kubwa, kwa sababu taa ya kitufe nayo kwa kawaida hulishwa na bodi kutoka volti 5. Viungo vilivyobaki hai vilikuwa vyote vya laini moja. Vya volti 12 vilikuwa vimekufa vyote.

Hapo nikachukua multimita, kifaa cha kupimia umeme. Onyo kwa anayetaka kujaribu: vipimo hivi vinafanyika kwa kuingiza ncha nyembamba nyuma ya plagi kubwa huku ikiwa imechomekwa kwenye bodi, na hapo kuna volti ndogo tu. Ndani ya boksi la pawa saplai kuna umeme wa volti 230 na kapasita zinazoweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Boksi hilo halifunguliwi kwa ajili ya kazi hii.

Ncha nyeusi niliishika kwenye waya mweusi, nyekundu ikazunguka waya mmoja mmoja, mashine ikiwa katika ile hali ya "imezimwa lakini haijazimika." Kijani kilikuwa karibu na volti 5. Hilo peke yake lilitosha kuisafisha bodi kuu: imepokea amri, imeuachia waya, haiidai tena pawa saplai umeme. Kijivu, ambacho pawa saplai hukitumia kuiambia bodi kwamba umeme uko sawa, kilikuwa sifuri. Njano chini ya volti moja. Kwa hiyo pawa saplai nayo imetii. Halafu nikagusa nyekundu: volti 4 na ushei.

Laini nyekundu haikupaswa kuwa na kitu. Pawa saplai inapokata, hukata laini kuu zote kwa pamoja. Haichagui kuiacha moja. Na volti 4 na ushei si volti 5 ya pawa saplai iliyo timamu, ambayo kwa kanuni za ATX inatakiwa iwe kati ya 4.75 na 5.25. Ulikuwa umeme uliopungukiwa njiani, ulioingia kwa kupitia kitu kingine.

"Mama, chomoa waya wa kompyuta. Huo mmoja tu, nyuma ya boksi. Ekstensheni iache."

Akauchomoa. Feni ya nyuma iliendelea kuzunguka. Binti akainama akautazama waya ulioko mkononi mwa mama, akauliza, "Sasa hii inatumia umeme wa wapi?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na kulijibu hakukuhitaji ujuzi mkubwa. Umeme hauwezi kuingia ila kwa waya, na waya zilizobaki zilikuwa za kuhesabika. Niliacha multimita kwenye nyekundu, nikachomoa mmoja baada ya mwingine. Waya wa skrini: volti haikutikisika. Printa, ambayo nayo ina umeme wake: haikutikisika. Habu ya USB: namba ikaporomoka hadi sifuri, feni ikasimama, taa ikafa. Nikairudisha habu, mashine bado haina waya wa umeme, na taa ikawaka, feni ikaanza tena kujikokota. Tukafanya hivyo mara kadhaa ili mwenye mali aone mwenyewe na asihitaji kuniamini kwa maneno. Kwangu kipimo cha namna hii, kinachoweza kuleta tatizo na kuliondoa kwa mkono, ndicho cha kutegemewa. Kubadilisha kifaa na kuona tatizo limetoweka siku moja hakutoshi, kama mafundi wawili wa mwanzo walivyoonyesha bila kukusudia.

Habu ile niliifungua. Ilikuwa ya bei rahisi, haina jina la kueleweka. Nikaweka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye upande chanya wa tundu la adapta, nyingine kwenye waya mwekundu wa kebo inayokwenda kwenye kompyuta. Ikalia. Yaani volti 5 ya adapta na volti 5 ya kompyuta zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja, pasipo dayodi wala swichi ya kuzitenganisha. Kanuni za USB 2.0, zilizotolewa mwaka 2000, zinakataza jambo hilo waziwazi: kifaa hakiruhusiwi wakati wowote kusukuma umeme kwenda upande wa kompyuta kinayoitegemea. Umeme unapaswa kushuka tu, kama maji yaliyowekewa vali isiyorudisha. Mtengenezaji hakuiweka vali hiyo ili aokoe senti.

Baada ya hapo kila dalili ilijieleza. Mchana, kompyuta ikiwa imewaka, pande zote mbili zina volti 5 na hakuna anayegundua. Jioni kompyuta ikikata laini zake, adapta ya habu inabaki peke yake, inasukuma umeme kupitia tundu la USB hadi kwenye laini nyekundu ya bodi, na kutoka hapo kwenye taa na kwenye feni ya nyuma, iliyokuwa imeungwa kwa bahati kwenye laini hiyohiyo. Feni ingekuwa kwenye volti 12 pengine isingezunguka, na tatizo lingeendelea kimya kimya. Asubuhi bodi haiwaki kwa sababu chipu zake zinahitaji laini zishuke mpaka sifuri ndipo zianze upya kwa mpangilio. Zikibaki nusu hai usiku kucha, kitufe kinabonyezwa na mfuatano wa kuwaka unakwama. Kuchomoa ekstensheni kulikuwa kunasaidia kwa sababu adapta ya habu ilikuwa kwenye ekstensheni ileile. Mama alikuwa anamchomoa mkosaji kila asubuhi pamoja na asiye na kosa, na hakuna aliyeweza kuwatenganisha.

Na kule karakana, habu haikuwepo.

Kuhusu LUKU nilimweleza ukweli, ingawa haukumfurahisha. Adapta ile iliandikwa volti 5, ampea 2, yaani wati 10 kwa wingi wake. Hata ingetoa zote kwa saa 14 za usiku, ni uniti 0.14. Haiwezi kummalizia umeme. Printa ya leza na mashine ya kopi zinazopasha joto mara kwa mara mchana kutwa ndizo za kuzitazama. Hatari ya habu ile ilikuwa kwingine: mkondo unaopita kinyume kwenye tundu la USB na njia nyembamba za bodi ambazo hazikupangiwa kazi hiyo, na adapta yenyewe iliyokuwa ya moto mkononi kila asubuhi. Vitu hivyo vikiendelea kwa miezi, ndipo bodi kuu ingekufa kweli, na hapo ingeonekana kwamba waliomshauri anunue nyingine walikuwa sahihi.

Anayekutana na dalili kama hizi asikimbilie habu kwa sababu tu kisa changu kiliishia hapo. Kipimo cha kijani ndicho kinachogawa njia. Kama baada ya kuzima kijani kimebaki karibu na sifuri, bodi bado inaidai pawa saplai umeme: tatizo liko juu yake, kwenye bayosi, draiva au Windows. Kisa kinachojulikana sana cha upande huo ni cha kompyuta zenye chipu za Intel zilizohamia Windows 10 kuanzia 2015, ambazo nyingi zilibaki na feni na taa baada ya kuzima mpaka draiva ya Intel Management Engine iliporudishwa kwenye toleo la nyuma. Kama kijani kimepanda lakini njano bado ina volti 12, hapo pawa saplai haitii, ibadilishe bila huruma. Kama vyote vimekufa kisha mashine inajiwasha yenyewe baada ya sekunde au saa, kuna anayeiamsha: andika powercfg /lastwake, tazama mipangilio ya kadi ya mtandao na saa ya bayosi, na kagua kama kitufe cha mbele kimekwama. Na kama nyekundu ina umeme usio na mwenyewe, chomoa waya za nje mmoja mmoja. Mbali na habu, kuna kebo za DisplayPort zilizotengenezwa vibaya, zinazounganisha pini namba 20 pande zote mbili na kurudisha volti 3.3 kutoka kwenye skrini. Kebo ya kufuata kanuni huiacha pini hiyo bila kuungwa.

Matengenezo yalikuwa madogo kuliko uchunguzi. Skana tuliihamishia tundu la nyuma la kompyuta moja kwa moja, habu ikatumika bila adapta kwa muda kwa ajili ya flashi na kisoma kadi tu, maana tundu la USB 2.0 linatoa hadi miliampea 500 na kwa hivyo viwili zinatosha. Siku ya kununua habu nyingine nilimwambia aje na mimi, nikiwa na multimita. Kipimo chake ni cha dakika moja na muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakichukii: chomeka adapta ya habu ukutani, usiunganishe habu na kompyuta, kisha pima kwenye ile plagi yake inayoingia kwenye kompyuta, kati ya pini mbili za pembeni kabisa. Usione volti 5 hapo. Ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa na volti 5 kamili, ikarudi kabatini. Iliyofuata haikuwa na kitu, tukaichukua. Feni ya nyuma nikaihamishia kwenye tundu lake la bodi ili bodi iiongoze yenyewe kadiri joto linavyopanda na kushuka.

Ilibaki pawa saplai ya zamani, iliyokuwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya kaunta, ikisubiri kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Niliipima ikiwa imebeba mzigo: njano, nyekundu na chungwa zote zilikuwa ndani ya asilimia 5 zinazoruhusiwa, na ilikata mara tu kijani kilipoachiwa. Ilikuwa nzito na bora kuliko mpya aliyouziwa. Tukairudisha kwenye kasha, na ile mpya mama akaiweka akiba.